Foronya ya Bi Harusi

Walipoambiwa wafungashe vitu na kuhama, watu wengine wa mtaa wa Agia Paraskevi walichukua maharage, sufuria na makoti. Rikula Beraha alichukua godoro. Lilikuwa godoro la sufu, jipya, halijawahi kulaliwa na mtu, na alilibeba mgongoni jinsi marehemu mumewe, mchukuzi wa bandarini, alivyokuwa akibeba magunia. Binti yake Oro alimfuata na sanduku la mashuka. Polisi aliyekuwa akiwasukuma watu waingie getini alimcheka.

"Mama, unahama au unakwenda kulala?"

Rikula alilipandisha vizuri mgongoni. Godoro la bi harusi halikuwa kitu cha kutupwa njiani kwa sababu ya mdomo wa polisi.

Ilikuwa Machi mwaka 1943, na Wayahudi wa Saloniki walikuwa wakiswagwa mtaa baada ya mtaa hadi Baron Hirsch, vijumba vya maskini kando ya stesheni ambavyo Wajerumani walikuwa wamevizungushia ua wa mbao. Wenyeji wa vijumba hivyo walikwisha kupelekwa na treni ya kwanza. Rikula na Oro walitiwa katika chumba ambamo sufuria ya mtu ilikuwa bado jikoni, na ukoko wa maharage umekaukia ndani. Waliambiwa hapo watapita tu. Baada ya hapo ni Polandi, karibu na mji uitwao Krakov, wakaanze maisha upya.

Uvumi ulikuwa mwingi kuliko chawa. Kila mtu alichagua wa kuushika, na Rikula alishika huu: kwamba huko Krakov waliooana watapewa chumba chao wenyewe, chenye jiko na mlango wa kufunga, na wasichana wasio na waume watalazwa kwenye mabweni makubwa pamoja na watu wasiojulikana. Nani aliuanzisha, hakuna aliyejua. Lakini ulikuwa na nguvu kiasi kwamba kila siku rabi alifungisha ndoa mfululizo kama mtu anayegawa supu, wavulana wasioota ndevu vizuri wakiitwa mabwana, na mabinti ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakiruka kamba wakiitwa wake za watu. Tusiwacheke. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu huchukua kile anachoweza kukibeba, na ndoa ilikuwa haina uzito.

Ndipo Rikula alipomtafuta Mentesh Pardo, fundi vioo, kijana mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kukatwakatwa, mtoto wa pekee wa mjane Bi Palomba aliyekuwa chumba cha pili.

"Sufu au pamba?" aliuliza Bi Palomba, akilikandamiza godoro kwa ngumi.

"Sufu tupu, Bi Palomba. Tuliiosha wenyewe mimi na majirani, siku nzima, na nyimbo juu."

"Maana siku hizi watu wanachanganya."

"Fungua mshono utazame."

"Sijasema wewe unachanganya. Nimesema watu."

Kwa desturi ya Saloniki, vitu vya bi harusi haviwezi kwenda kwa mume kabla ya kutandazwa mbele ya familia mbili na kutiwa bei na mwanamke anayeaminiwa na pande zote. Bi Bulisa, mtia bei, alikuwa na miguu iliyovimba, akabebwa na wapwa wake wawili hadi ndani, akaketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Rikula alitandaza mashuka, taulo, na mito miwili yenye foronya alizozidarizi kwa mkono wake: njiwa wawili wakitazamana, komamanga katikati, na herufi ya jina la binti pembeni. Kina mama wengi wa mtaa wao walimletea Rikula foronya za mabinti zao, kwa kuwa njiwa wake walikuwa na macho hasa, si vitone tu.

"Mito, lira mbili za dhahabu," alitangaza Bi Bulisa, kwa sauti ileile ya zamani, kana kwamba bado kulikuwa na lira za dhahabu duniani.

"Mbili!" Bi Palomba alishika kiuno. "Mito hii? Kwa manyoya ya kuku?"

"Ya bata," alisema Rikula.

"Bata gani huyo? Sisi tunalipa kwa bei hiyohiyo upande wetu, tusitiane chumvi machoni."

"Mama, unalipa nini?" alisema Mentesh kwa upole. "Duka limechukuliwa, hata almasi ya kukatia vioo wameichukua. Bi Bulisa, nitie na mimi bei. Nikishuka sana mniuze pamoja na hiyo ndoo."

Watu walicheka, hata Bi Bulisa. Rikula alicheka zaidi ya wote kwa sababu alikuwa amempenda kijana huyo. Oro peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango akikunja na kukunjua pembe ya shuka moja, na mama yake alijua sababu, na kwa kuijua alizidi kupandisha sauti katika mambo ya sufu na manyoya.

Bei ilipatikana. Bi Palomba alinung'unika, akasema amepunjwa kwenye taulo, akakubali.

*

"Mama, mimi siendi Krakov," alisema Oro wageni walipoondoka.

"Ushasema jana."

"Na leo nasema."

Kabla Wayahudi hawajalazimishwa kuvaa nyota ya njano kifuani, Oro alikuwa akichambua majani ya tumbaku kiwandani, na aliyekaa naye benchi moja alikuwa msichana wa Kigiriki, Stamatia. Nyuma ya mahali pa kufulia palikuwa na ubao wa ua uliotoka kifundo, ukaacha tundu la ukubwa wa jicho, na hapo ndipo wasichana hao wawili walipokuwa wakinong'onezana. Mjomba wake Stamatia alikuwa na ruhusa ya kuingia na mkokoteni kuzoa taka. Alhamisi alfajiri Stamatia angekuja na gauni na kitambaa cheusi cha kijijini, avipitishe chini ya ubao. Oro angevaa, akashika fagio, akatoka getini nyuma ya mkokoteni kama binti wa mzoataka. Kabla ya jua kuzama angekuwa kijijini kwao, na kutoka hapo mlimani kwa wapiganaji.

"Wanaume," alisema Rikula.

"Na wanawake wapo."

"Wanawake gani hao wanaolala porini na wanaume?"

"Walio hai, Mama."

"Na sisi ni nani? Maiti? Tunahamishwa, Oro. Babu zako walihamishwa kutoka Hispania wakafika hapa na funguo za nyumba zao mifukoni, wakaoa, wakazaa. Watu huhama. Ila msichana akitoka mlimani na tumbo, nani atamchukua?"

Oro alikaa chini, akaegemea godoro.

"Njoo na mimi basi."

"Kwa magoti haya?"

Ilikuwa kweli. Magoti ya Rikula yalikuwa yamekwisha, na mkokoteni ulikuwa na nafasi ya binti mmoja, hauna nafasi ya bibi. Kisha Oro akasema neno ambalo lilimpa mama yake pumzi na kisu kwa pamoja.

"Sikiliza, Mama. Alhamisi Stamatia akija, nakwenda. Usinizuie. Asipokuja, Ijumaa naolewa na Mentesh, na hutanisikia tena nikitaja mlima."

"Unaapa?"

"Kwa kaburi la Baba."

Baba yake hakuwa na kaburi la kujulikana. Alikufa kwa malaria kiangazi kilichopita, kwenye barabara aliyolazimishwa kujenga. Lakini kiapo kilikuwa kiapo.

*

Alhamisi alfajiri bomba la maji la mtaa lilifunguliwa saa ileile ambayo Stamatia alipaswa kuja. Aliyekosa foleni alikosa maji kutwa nzima.

"Nenda wewe bombani," alisema Rikula. "Mimi na ndoo hatupatani. Nitakaa kwenye ubao. Akija nakuita."

Oro alimtazama. "Utaniita kweli?"

"Kwani mimi ni adui yako?"

Oro alichukua ndoo akaenda. Rikula alisimama nyuma ya mahali pa kufulia, shali kichwani, akimwomba Mungu Stamatia apatwe na jambo dogo tu, homa, mama mkali, lolote la kumchelewesha, ili yeye Rikula asiwe na la kufanya. Mungu hakumsaidia. Jicho likatokea kwenye tundu.

"Oro?"

"Ni mama yake."

"Shikamoo, mama. Oro yuko wapi? Mjomba anaingia sasa hivi."

Na hapo Rikula akasema. Alidhani maneno yatamkwama, yakatoka laini kama uzi unaotoka kwenye kibonge.

"Kaondoka."

"Kaondoka wapi?"

"Na treni ya jana. Kaolewa, mume kaitwa, naye kafuatana na mumewe."

Sauti ya magurudumu ya mkokoteni ilisikika upande wa geti.

"Alisema atanisubiri," alisema Stamatia.

"Alitaka. Wajerumani hawakutaka."

Msichana alianza kulia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo kwa kiganja. Rikula alishika ubao. Angeweza kusema hata wakati huo. Oro alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye foleni. Badala yake alifikiria mabweni, watu wasiojulikana, na binti yake porini, akafikiria chumba chenye jiko na godoro lake juu ya kitanda. Wala tusijifanye hakujifikiria yeye mwenyewe: alifikiria pia kupanda treni ile peke yake.

Chini ya ubao kulipenyezwa mkate uliofungwa kwa kitambaa.

"Nilimwokea wa njiani," alisema Stamatia. "Kula wewe, mama."

Mkate ulikuwa bado wa moto. Rikula aliupokea, akauficha chini ya shali. Na hilo, kuupokea, ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko uongo wenyewe.

Oro alirudi mbio, maji yakimmwagikia miguuni.

"Amekuja?"

"Bado."

Wakangoja. Mkokoteni wa taka ukapita, mzee wa Kigiriki akiusukuma kichwa chini, nyuma yake askari. Oro aliinua mkono, akataka kumkimbilia. Rikula alimshika.

"Na hiyo nyota kifuani? Utafika naye wapi?"

"Mjomba amekuja! Kwa nini yeye hakuja?"

"Labda kaogopa. Usimlaumu mtoto wa watu."

Oro alisimama pale hadi mkokoteni ulipotoka nje na geti likafungwa. Hakulia. Alichukua ndoo iliyobaki nusu, akaingia nayo ndani.

*

Hamamu ya bi harusi haikuwepo. Walimwogesha kwa ndoo, nyuma ya pazia la shuka, wanawake watano wakijitahidi kuimba kwa sauti ya chini. Baada ya kuoga, kwa desturi, mkate mtamu huvunjwa juu ya kichwa cha bi harusi na kila mmoja hula kipande ili maisha yake yawe matamu. Rikula alitoa mkate.

"Eeh! Mkate mweupe!" alisema Bi Palomba. "Umeupata wapi huu, mkwe wangu?"

"Nimebadilishana na kijiko cha fedha."

Aliuvunja, makombo yakaanguka kwenye nywele zilizolowa. Oro alitafuna kipande chake polepole.

"Una mbegu za anisi," alisema. "Kama wa kwao Stamatia."

Rikula aliendelea kumfuta nywele.

Ijumaa walisimama jozi nyingi chini ya shali moja ya sala iliyoshikwa na wanaume wanne waliochoka mikono. Pete zote za dhahabu zilikuwa zimechukuliwa, ikabaki moja ya shaba, na rabi, sauti imemkauka, alimpa kila bwana harusi kama zawadi kwa sharti airudishe, ili kwa muda ule mfupi iwe mali yake kweli na ndoa iwe halali. Oro alivishwa, akavuliwa, pete ikahamia kidole cha pili. Badala ya lozi za sukari walirushiwa dengu zilizokaangwa, na watoto walizigombania matopeni. Bi Palomba alilalamika kwamba dengu za jozi ya mbele zilikuwa nyingi zaidi.

"Usijali, Mama," alisema Mentesh. "Krakov tutarushiwa mayai."

Walitengewa kona ya chumba kwa pazia. Rikula aliwasikia wakinong'ona, na mara Oro akacheka, kicheko kifupi cha kushtukiza, cha kwanza tangu waingie ndani ya ua ule. Rikula alijigeuza ukutani. Nilifanya vizuri, alijiambia. Mama yupi asingefanya? Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

*

Sabetai, binamu wa marehemu mumewe, alikuwa miongoni mwa wanaume waliolazimishwa kufagia mabehewa yanayorudi kuchukua watu wengine. Alikuja na kitu amekificha ndani ya shati.

"Sikuwa na zawadi ya bi harusi," alisema. "Nimeiokota kazini. Imechafuka, lakini ikifuliwa ni nzuri. Kazi ya mikono hiyo."

Rikula aliikunjua. Njiwa wawili wakitazamana, komamanga katikati, herufi D pembeni. Bawa la njiwa mmoja lilikuwa la kijani kwa kuwa uzi wa bluu ulimwishia. Ilikuwa foronya ya Dudun Alvo, binti wa jirani, aliyeolewa na kijana wa Baron Hirsch siku moja kabla ya treni ya kwanza. Rikula aliidarizi mwenyewe majira ya baridi, na Dudun alikaa miguuni pake akizihesabu mbegu za komamanga.

"Umeitoa wapi?"

"Nimekwambia, kwenye behewa. Treni ya kwanza ile, mabehewa yake yamerudi."

"Kulikuwa na nini kingine?"

"Vitu."

"Vitu gani, Sabetai?"

"Viatu. Miwani. Ndoo." Alitazama sakafu. "Mbao za mlango zimekwaruzwa kwa ndani. Usiniulize zaidi, shemeji."

Watu wengine wangeona kitambaa kichafu. Rikula aliona kitu kingine, na hakuna mwanamke wa Saloniki ambaye asingekiona. Bi harusi anaweza kusahau sufuria, anaweza kumsahau hata mamkwe stesheni. Foronya aliyodariziwa na kutiwa bei mbele ya familia mbili haisahau. Kama Dudun angefikia chumba, hata chumba cha mbwa, foronya hii ingekuwa juu ya mto. Kama kusingekuwa na chumba lakini kuna bweni, angelala nayo kifuani. Ilirudi peke yake kwa sababu mwenyewe hakuwa tena na pa kuiweka, au hakuwa tena na haja nayo.

Alikaa juu ya godoro lile ambalo hakuwahi kumruhusu mtu ila maharusi alikalie. Hakumwambia mtu. Aliifua foronya, akaianika ndani, akaificha.

Kuanzia siku iliyofuata alikuwa kwenye ubao kila alfajiri. Aliweka jicho lake kwenye tundu akaona njia tupu, mbwa, tope. Mzoataka alikuwa mwingine sasa. "Stamatia," aliita mara moja kwa sauti ya chini, na askari wa upande wa pili akapiga ubao kwa kitako cha bunduki, karibu amtoboe jicho.

*

"Nenda," alimwambia Oro, akiwa amemvuta hadi mahali pa kufulia. "Tafuta njia, nenda. Hata leo."

"Niende wapi?"

"Mlimani. Ulikosema."

Oro alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mama, una homa?"

"Huko Krakov hakuna chumba."

"Nani kakwambia?"

"Najua. Mchukue Mentesh, nendeni wote."

"Mentesh hawezi kumwacha mama yake. Nimemuuliza siku ya pili tu ya ndoa. Yeye hamwachi mama yake, mimi simwachi yeye, na wewe huniachi mimi. Tumeshonwa pamoja kama godoro." Alitabasamu kidogo. "Ni mtu mwema, Mama. Ulichagua vizuri. Ananichekesha."

"Oro..."

"Na njia yenyewe iko wapi sasa? Njia ilikuwa Stamatia. Angekuja Alhamisi ile, ningekwenda. Nakwambia kweli, ningekwenda na nisingegeuka nyuma, hata kwa ajili yako. Hakuja. Nimekwisha kumsamehe."

Hapo palikuwa pa kusema. Rikula alifungua mdomo. Aliona uso wa binti yake umetulia, uso wa mtu aliyekubali yake, akaogopa kuuvunja. Akaogopa zaidi kwamba ukivunjika utamgeukia yeye.

"Hakuja," alisema.

*

Walipoitwa, ilikuwa mvua. Kila mtu mzigo mmoja. Rikula hakulibeba godoro. Bi Palomba ndiye aliyelibeba, akisaidiwa na Mentesh, na kwenye geti askari alilisukuma kwa buti likaanguka matopeni. Bi Palomba alipiga kelele.

"Sufu tupu ile! Sufu tupu, jamani! Haina hata uzi wa pamba!"

Alilia kama aliyefiwa, na Mentesh akamshika mabega. Oro alitoa mito miwili kwenye sanduku akaacha mashuka yote, akafunga mito kwa kamba. Foronya ya Dudun ilikuwa kifuani mwa Rikula, chini ya nguo, imekauka na kukakamaa.

Kutoka getini hadi stesheni si mbali. Kwenye kivuko cha reli wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku walikuwa wamezuiwa hadi msafara upite. Wengine walitazama pembeni. Rikula aliinamisha kichwa, akihesabu visigino vya Bi Palomba mbele yake, ndipo sauti ikatoka katikati ya wafanyakazi wale.

"Oro! Oro!"

Stamatia alikuwa amepenya hadi mbele, kitambaa kimemwanguka shingoni.

"Mama yako aliniambia umekwenda! Nilikuja, Oro! Nilikuja Alhamisi! Aliniambia umekwisha kwenda!"

Askari alimsukuma kifuani kwa bunduki, Stamatia akarudi nyuma kwa wenzake, akiendelea kuita. Kila mtu alisikia. Bi Palomba aligeuka. Mentesh alimtazama mkewe, na Oro alimtazama mama yake.

Rikula alikuwa ameandaa maneno kwa siku nyingi, kitandani, kwenye foleni, kwenye ubao. Hata moja halikubaki.

"Nilitaka upate chumba," alisema. "Chumba chenye mlango."

Oro aligeuza uso mbele. Aliendelea kutembea, mito mgongoni, hatua ileile, na mvua ikamtiririka usoni hata usiweze kujua kama analia. Mentesh alinyosha mkono kumshika, Oro akauondoa mkono wake kwa upole. Nadhani Rikula angependelea apigwe. Angependelea atemewe mate mbele ya watu wote kwenye kivuko kile.

Behewa lilikuwa la ng'ombe, refu kwenda juu, bila ngazi. Mentesh alipanda, akamvuta mama yake, akamvuta Oro. Rikula alibaki chini, magoti yamekataa, watu wakimsukuma kutoka nyuma, na kwa muda mfupi alidhani wataondoka bila yeye na akaona ni haki. Kisha mkono ukateremka, ukamshika kwapani. Ulikuwa wa Oro.

Ndani watu walikuwa wamebanana kusimama. Sakafu ililowa maji ya chokaa. Mlango ulivutwa, chuma kikagonga chuma kwa nje, ikabaki nuru ya kidirisha chenye waya. Rikula alitafuta pa kuegemea. Alishika ukuta wa mbao, vidole vyake vikaangukia mikwaruzo, mingi, ya chini kabisa ikiwa kwenye kimo cha mtoto, na akaelewa hapo kwamba lilikuwa behewa lililokwisha kwenda na kurudi.

Oro alifungua kamba. Alichukua mto mmoja, wenye njiwa wawili na herufi yake pembeni, ambao kwa desturi haulaliwi na mtu ila mume na mke. Aliwasogeza watu kwa kiwiko, akauweka kwenye sakafu iliyolowa.

"Kaa, Mama."

"Huo ni wa harusi," alisema Rikula. "Utachafuka."

"Najua. Kaa."

Rikula akakaa.